Matembezi ya Jumatano na Kiota cha Mnana

Wahenga walisema kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hii aghalabu hutumiwa kumhimiza mvivu aondoke barazani akatafute riziki; lakini ina maana nyingine ambayo haijapewa haki yake, nayo ni kwamba miguu ni chombo cha elimu. Mtu aliyekwisha kukua, aliyeacha madawati ya shule zamani au asiyepata kuyakalia kabisa, aweza kuongeza maarifa kwa kwenda na kutazama. Katika Afrika ya Mashariki iko historia ndefu ya matembezi ya namna hiyo, yaliyofanywa na watu wazima kwa ajili ya kujua miti, ndege, mawe na magofu ya mahali wanapoishi, na historia hiyo haijaandikwa sana kwa Kiswahili. Sehemu yake moja yaanzia Nairobi katika mwaka wa 1909, na baada ya kuzunguka sana yafika penye kinamasi kimoja bara ya Malindi katika mwezi wa Machi, 2013.

Mji wa Nairobi wakati ule ulikuwa na umri wa miaka kumi tu. Reli ilifika pale mwaka wa 1899, na juu ya ardhi ya majimaji ambayo Wamaasai walikuwa wakinyweshea ng'ombe pakasimama stesheni, maduka ya mabati na ofisi za serikali. Katika mwaka wa 1909 baadhi ya maofisa, wamisionari na walowezi walikutana wakaunda chama cha elimu ya viumbe cha Afrika ya Mashariki na Uganda. Miongoni mwao walikuwamo Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda, C. W. Hobley, ofisa wa utawala aliyependa kuchungua desturi za watu. Blayney Percival, mlinzi wa wanyama wa porini. Na Harry Leakey, mmisionari wa Kabete. Mwaka uliofuata walifungua nyumba ndogo ya makumbusho na kuanza kutoa jarida. Hakuna katika hao wanne aliyekuwa mwanachuoni wa chuo kikuu. Walikuwa watu wenye shughuli nyingine, waliojifunza kwa kupenda, na kwa maana hiyo walikuwa wanafunzi wazima wa kwanza wa elimu hiyo katika mji ule ambao majina yao yameandikwa.

Elimu yao ilikuwa elimu ya bunduki na saraka. Ndege alipigwa risasi, akachunwa, ngozi yake ikajazwa pamba, na mguuni pake pakafungwa kibandiko chenye jina la mahali, tarehe, na jina la aliyempiga. Hatuna budi kuwa waadilifu katika kuhukumu: wakati ule darubini zilikuwa dhaifu, vitabu vya kulinganishia havikuwapo, na bila ngozi zile hata vitabu visingeweza kuandikwa. Kitabu kikubwa cha Jackson juu ya ndege wa Kenya na Uganda, kilichotoka mwaka wa 1938, miaka tisa baada ya kufa kwake, kilisimama juu ya ngozi za namna hiyo. Lakini kibandiko kilikuwa na nafasi ndogo. Kilimtaja mpigaji, hakikumtaja mtu aliyemwongoza mpigaji msituni, aliyejua ndege yule hulia wapi alfajiri na hulala wapi usiku.

Habari za mtu wa namna hiyo zimehifadhiwa kidogo kutoka upande wa pili wa mpaka, huko Amani katika milima ya Usambara. Mwaka wa 1928 alifika pale Mwingereza jina lake Reginald Moreau, ambaye kabla ya hapo alikuwa karani wa hesabu za serikali huko Misri. Hakuwa na shahada ya elimu ya viumbe. Alijifunza ndege akiwa mtu mzima, na mwishowe akawa mmoja wa wanachuoni mashuhuri wa elimu hiyo katika karne yake. Huko Amani alifanya kazi pamoja na Salimu Asmani, mtu aliyeijua misitu ile na aliyekuwa macho na masikio yake kwa miaka mingi. Mwanahistoria wa Kimarekani Nancy Jacobs alieleza uhusiano wa watu hao wawili katika kitabu chake cha mwaka wa 2016 juu ya watazamaji wa ndege wa Afrika. Ukisoma habari zao hukosi kuuliza ni nani aliyekuwa mwalimu na nani mwanafunzi. Mshahara ulikwenda upande mmoja, na maarifa yakaenda upande mwingine.

Turudi Nairobi. Mwaka wa 1930 makumbusho yalihamia kwenye kilima ambacho mpaka leo huitwa Museum Hill, yakapewa jina la Coryndon, Gavana aliyefariki mwaka wa 1925. Louis Leakey, mtoto wa yule mmisionari wa Kabete, alipokuwa mwangalizi wa nyumba ile katika miaka ya 1940, aliifungulia milango watu wa rangi zote. Hilo lilikuwa tendo la maana. Lakini kufungua mlango si sawa na kumwalika mtu ndani, wala kumwonyesha mtu ndege aliyekauka ndani ya kioo si sawa na kwenda naye mtoni. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, chama chenyewe kilikuwa bado chama cha wageni zaidi kuliko cha wenyeji.

Katika miaka iliyofuata, jina la elimu ya watu wazima lilisikika kila mahali katika nchi hizi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Watanzania kwa malaki wakaingia madarasani chini ya miembe na ndani ya shule za watoto jioni. Mwaka wa 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu kandokando ya redio ili wajifunze kuchimba vyoo na kuzuia malaria. Huko Kenya nako, chuo cha masomo ya watu wazima kilikuwa kimefunguliwa Kikuyu tangu mwaka wa 1961. Jitihada hizi zilikuwa kubwa na za lazima, na hakuna mwenye akili atakayezidharau. Walakini zilimwona mtu mzima kuwa chombo kilichopungukiwa: hajui kusoma, basi afundishwe kusoma, hajui afya, basi afundishwe afya. Zilikuwa na maneno machache kwa mtu ambaye ajuavyo ni vingi lakini havina mahali pa kuandikwa.

Ni katika hali hiyo, mwaka wa 1971, kulipoanza Nairobi matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi. Aliyeyaongoza tangu mwanzo, na kwa miongo mingi baadaye, ni Fleur Ng'weno, mwandishi na mhariri aliyewahi kutoa gazeti la watoto liitwalo Rainbow. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi hata waweza kuelezwa kwa sentensi tatu. Watu hukutana makumbusho saa tatu kasoro robo. Huangalia ni magari mangapi yaliyopo na ni watu wangapi, kisha huenda mahali pasipo mbali: bustani ya miti ya Arboretum, iliyopandwa mwaka wa 1907 kujaribia miti itakayofaa kuwa kuni za garimoshi, au City Park, au msitu wa Karura, au kinamasi cha Ondiri karibu na Kikuyu. Adhuhuri hurejea.

Hapana mtihani, hapana cheti, hapana sharti la kuwa umesoma. Mgeni asiyeweza kutenga tai na mwewe hutembea bega kwa bega na mtu aliyeona mamia ya aina za ndege. Mwendo ni wa polepole mno, na kwa aliyezoea kutembea ili afike, mwendo huo humchosha kwanza. Kundi lote husimama kwa sababu ya sauti moja iliyotoka kichakani. Husubiri. Mmoja asema ameona mkia. Wa pili asema hapana, lilikuwa jani. Katika mabishano hayo madogo ndimo mlimo elimu yote, maana kila mmoja hulazimika kusema ameona nini hasa, si anachodhani kuwa ameona: mdomo ulikuwa mfupi au mrefu, mstari wa jicho ulikuwa mweupe au haukuwapo, alikuwa akidonoa juu ya gome au chini penye majani makavu. Mtu aliyehukumu kesi barazani miaka ishirini aweza kujifunza hapo maana mpya ya neno ushahidi.

Siku yenyewe, Jumatano, ilikuwa na lawama zake. Asubuhi ya siku ya kazi haiwezi kuwa na nafasi kwa karani, mwalimu, wala fundi. Hivyo katika miaka ya mwanzo watembezi walikuwa zaidi wageni waliokaa Nairobi, wake zao, na wastaafu. Yeyote aliyetaka kusema kwamba haya ni mchezo wa watu wenye wakati wa kupoteza alikuwa na hoja. Lakini siku hiyohiyo iliyowafungia mlango wenye kazi iliwafungulia watu ambao hakuna aliyewafikiria, yaani wasio na kazi. Kadiri miaka ilivyopita vijana wa Kenya waliomaliza shule na wasiopata ajira walianza kufika makumbusho Jumatano asubuhi, maana Jumatano kwao haikutofautiana na Jumapili. Walifika kwa miguu na kwa matatu. Wasio na darubini waliazimwa. Baadhi yao walitokea kuwa waongoza wageni, wengine watafiti, na sura ya kundi ikageuka pole pole hata wageni wakawa wachache kati ya wenyeji.

Yaliyoandikwa katika madaftari ya watembezi wa namna hii hayakubaki madaftarini. Mwaka wa 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walitoa ramani za ndege wote wa Kenya, kazi iliyotegemea taarifa za watazamaji wengi, ambao wengi wao walitazama kwa mapenzi yao tu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanachama wamekwenda kila mwaka katika maziwa ya Bonde la Ufa kuhesabu ndege wa majini, heroe na wenziwe. Orodha ya ndege yaonekana kuwa kitu kisicho na nguvu. Lakini mahali palipoandikwa mwaka hata mwaka si rahisi kupaita pori tupu. Wakati Wangari Maathai na wenziwe waliposhambuliwa mwaka wa 1999 kwa kuutetea msitu wa Karura usigawiwe watu binafsi, msitu ule ulikuwa tayari unajulikana kwa jina la kila mti na kila ndege na watu wa kawaida waliokuwa wakitembea humo. Haitasemwa hapa kwamba orodha ziliuokoa msitu. Waliouokoa ni watu waliokubali kupigwa. Inatosha kusema kwamba walijua walichokuwa wakikitetea.

Hapa pana jambo moja ambalo mpenzi wa Kiswahili hawezi kulipita bila kusimama. Majina yaliyotajwa katika matembezi hayo tangu mwanzo yalikuwa ya Kiingereza na Kilatini. Mtu akitafuta jina la ndege katika kamusi zetu, aghalabu atakuta maneno matatu: aina ya ndege. Je, mkubwa? Mdogo? Wa mwituni au wa pwani? Kamusi yanyamaza, au yaongeza neno moja la rangi. Si kwamba lugha ni maskini. Tunao hondohondo na mumbi, ninga na pugi, kozi na kipanga, chozi anyonyaye maua, na dudumizi ambaye sauti yake ni kama maji yamwagikayo kutoka chupani. Wavuvi na wakulima wa mwambao wana majina mengine mengi zaidi. Upungufu ni wa watunga kamusi, ambao walikaa na wazee barazani wakauliza majina, lakini hawakutoka nao kwenda kumwona mwenye jina. Jina bila mwenyewe hubaki mlio tu. Vijana wa Kikamba, wa Kikuyu na wa Kigiriama walipoingia katika matembezi, kila mmoja alikuja na majina aliyopewa na bibi yake, na kazi ya kuyaoanisha na ndege wenyewe ndiyo kwanza ilipowezekana. Kazi hiyo ingali mbali na kwisha, nayo yawangoja wanafunzi wa lugha kuliko wanafunzi wa elimu ya viumbe.

Wala si lazima mtu aende msituni. Hata kunguru wa Mombasa ni somo la historia. Yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, ambaye watoto wa siku hizi humdhania kuwa ndiye kunguru wa asili, ni mgeni wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja mnamo mwaka wa 1891 ili ale takataka za mjini, kisha akaenea mwambao wote, akila mayai na makinda ya ndege wadogo na kumsukuma pembeni kunguru wa kale mwenye kifua cheupe. Jina limebaki lilelile. Mwenye jina amebadilika. Aliyekaa juu ya mlango wa Ngome ya Yesu leo siye aliyekaa hapo zamani za Masultani.

Huko pwani ndiko historia ya viumbe na historia ya watu zilikofungamana kuliko mahali pengine, na ndiko wanachama wa makumbusho walikopenda kwenda katika safari zao ndefu. Hapana mahali pafaapo kwa safari hiyo kama Gedi, karibu na Watamu. Ni mji wa mawe uliomezwa na msitu. Mizizi imepasua kuta, kima wanakaa juu ya kibla, na katikati ya miti mikubwa pana msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu, na kaburi lililochorwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, ambao ni sawa na mwaka wa 1399. John Kirk aliyaona magofu hayo mwaka wa 1884. Wagiriama wa vijiji vya jirani waliyajua kabla yake, wakayaheshimu kuwa makao ya mizimu ya wazee, na heshima hiyo, ambayo wageni waliiita ushirikina, ndiyo iliyoziacha kuta zisimame wakati mahali pengine mawe yalichukuliwa kujengea.

James Kirkman alianza kupachimba mwaka wa 1948, na kwa miaka kumi alifukua kauri za Kichina, shanga na vyungu. Kitabu chake cha mwaka wa 1954 kiliitwa The Arab City of Gedi, na jina hilo latosha kuonyesha hadithi aliyosimuliwa mtalii wa wakati ule aliposimama mbele ya msikiti: kwamba mji huu ni kazi ya Waarabu walioleta ustaarabu katika nchi isiyokuwa nao. Mwanafunzi mzima wa mwaka wa 1955 alirudi nyumbani na hadithi hiyo akaiamini, kwa kuwa ilitoka kinywani mwa mtu aliyechimba.

Baadaye wachimbaji wengine walishuka chini zaidi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alikuta katika miaka ya 1980 kwamba chini ya msikiti wa mawe mlikuwa na misikiti mingine iliyotangulia, mmoja chini ya mwenzake, ya kwanza ikiwa ya miti na udongo, tangu karne ya nane. Mji haukuletwa merikebuni ukiwa umekamilika. Ulikua pale pale, mikononi mwa watu wa pale. Wanachuoni wa Kenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba waliiendeleza hoja hiyo kwa nguvu. Hata hivyo aliyetaka kuwafuta wageni wote katika ukoo wa Waswahili naye alikatazwa na ushahidi: uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya kale ya mwambao, uliotangazwa mwaka wa 2023, ulionyesha damu ya Kiafrika na damu ya Uajemi zikichanganyika tangu miaka elfu iliyopita, upande wa mama ukiwa karibu wote wa Kiafrika. Gedi iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka wa 2024. Mawe ni yale yale aliyoyaona mtembezi wa mwaka wa 1955. Kwa hiyo faida ya kurudi mahali pale pale, ambayo shule haiijui kwa kuwa shule hupandisha watu madarasa, ni kumwezesha mtu mzima kuona jinsi maelezo yanavyobadilika ilhali jiwe halibadiliki.

Kutoka Gedi, mtembezi akigeukia magharibi akavuka barabara kuu ya Malindi, hufika kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, mabaki makubwa kuliko yote ya msitu uliofunika pwani hiyo. Humo mna sange mwenye kiuno cha dhahabu. Mna bundi mdogo ambaye sayansi haikumjua mpaka mwaka wa 1965. Na juu katika vilele vya mirihi hupita makundi ya mnana mmoja mwenye kichwa cheusi na tumbo la njano, ambaye wataalamu humwita mnana wa Clarke. Stephenson Clarke ndiye aliyemweleza mara ya kwanza, mwaka wa 1913, kutokana na ndege aliyepatikana na ndugu yake Goland. Ndiyo maana jina lake la Kilatini ni Ploceus golandi. Duniani pote haonekani ila katika kaunti ya Kilifi.

Ndege huyu alikuwa na fumbo. Ndege wa jamii ya mnana hujulikana kwa viota kuliko kwa jambo jingine lolote. Watoto wa pwani wote wamepata kuviona viota vya mnana wa kawaida vikining'inia juu ya minazi, kwa mamia, na makelele yasiyokwisha. Lakini kiota cha mnana wa Clarke hakikuonekana na mtaalamu yeyote kwa miaka 100. Ngozi zake zilikuwa katika saraka. Sauti yake ilijulikana. Ilijulikana pia kwamba wakati wa masika huadimika Sokoke, kisha baadaye huonekana tena, wakiwa na makinda yao. Walikokuwa wamekwenda hapakujulikana. Wengi walidhani kwamba hujenga juu kabisa katika mirihi, mahali ambapo jicho halifiki, na dhana hiyo ilikuwa na akili: ndege akaaye vileleni atajenga kileleni.

Kaskazini ya Sokoke, ng'ambo ya mto wa Sabaki, uko mwitu mwingine wa mirihi uitwao Dakatcha. Haujapata kuwa hifadhi ya serikali. Ni ardhi ya watu, hasa Wagiriama, wanaolima, kufuga na, katika miaka ya ukame, kuchoma makaa. Mnamo mwaka wa 2009 kampuni moja ya kigeni ilitaka kupewa hekta 50,000 huko ili ipande mbono kaburi wa kutengenezea mafuta ya magari. Wenyeji wengi walipinga, wahifadhi wakawaunga mkono, na mpango ule haukuendelea. Miongoni mwa waliopinga walikuwamo watu wa kikundi cha kijijini cha kuuhifadhi mwitu wa Dakatcha, ambao walikuwa wamejifunza kutumia darubini na kuandika walichokiona, kama vile watembezi wa Nairobi walivyofanya.

Mwezi wa Machi, 2013, watu wa kikundi hicho walikuwa wakimtafuta mnana wa Clarke pamoja na Fleur Ng'weno, yule yule wa matembezi ya Jumatano. Wote walikuwa wakitazama juu, kama desturi. Kisha wakaona makundi ya mnana yakishuka kutoka mirihini na kuelekea bondeni, penye kinamasi cha msimu ambacho hujaa mvua ikinyesha na kukauka ikikatika. Waliwafuata. Ndani ya kinamasi, chini, karibu na maji, juu ya mashina ya ndago na manyasi marefu, mlikuwa na viota. Ndege wa vileleni alikuwa akijenga chini penye majani, mahali ambapo mchungaji yeyote anyweshaye mbuzi angeweza kumwona. Saraka za makumbusho hazikuwa na njia ya kulijua hilo, kwa kuwa ngozi haisemi ilikuwa ikielekea wapi.

Ugunduzi huo ulibadili hesabu ya ardhi. Kabla yake kuhifadhi mirihi kulitosha kwa mtu aliyetaka kumhifadhi mnana. Baada yake ilibidi vinamasi vidogo, ambavyo ramani nyingi hazivionyeshi na ambavyo mkulima wa mananasi huviona kuwa mashamba mazuri yenye maji, vihesabiwe kuwa chumba cha kulelea cha kiumbe asiye na chumba kingine duniani. Chama cha mwaka wa 1909, ambacho siku hizi hujulikana kwa jina la Nature Kenya, kimenunua sehemu ya mwitu wa Dakatcha ili isikatwe. Sehemu nyingine kubwa ingali mikononi mwa wenye nyumba na mashamba, na shoka la mchoma makaa halijanyamaza.

Ndege hawa hawarudi kila mwaka katika kinamasi kile kile. Masika yakiwa mabovu, ndago hazioti na hapana viota. Mwaka unaofuata huenda wakajenga bonde jingine ambalo hakuna aliyelitazama bado. Kwa hiyo kazi ya kuwatafuta haiwezi kufanywa mara moja na mgeni mwenye ruhusa ya wiki mbili. Yataka mtu akaaye karibu, ambaye ataondoka nyumbani alfajiri baada ya mvua za kwanza, azunguke kingo za mabonde mengi kabla ya jua kupanda, na kuandika jina la bonde na tarehe hata pale ambapo hakuona kitu.